Mpaka Bondeni

Ntinyari alipiga jembe, akachomeka kipande cha mmea, akakanyaga udongo kwa kisigino, kisha akasogea mbele kidogo. Nyuma yake mstari wa vijiti vya kijani ulikuwa umeshalikata bonde, kutoka barabarani hadi kwenye matete.

Kila mtu mjini Laare anaujua mmea ule wenye majani marefu kama panga. Haupandwi kwa urembo. Hupandwa mpakani, kati ya shamba la huyu na la yule, na ukishashika hakuna anayeuliza tena ardhi ni ya nani.

Ilikuwa siku ya soko, jua likianza kushuka, na watu walikuwa wamejaa.

"Mama Kendi," Kaimenyi wa bodaboda aliita kutoka juu ya pikipiki yake, "leo umetupandia maua?"

Ntinyari, mama yake Kendi, aliinamia jembe lake. Afisa wa ardhi alikuwa anakuja kesho asubuhi kukagua kama bonde lile ni kiwanja tupu kisichotumiwa na mtu. Akiliona tupu, lingepewa tajiri mmoja wa nje aliyetaka kulijaza mawe na kujenga ghorofa ya maduka.

Zamani maji ya mvua yalishuka kutoka barabarani na kwenye mabati yote ya soko, yakapita ndani ya vibanda. Mwaka mmoja yaliondoka na kibanda cha Nelius, muuza nyanya, na Nelius mwenyewe akakutwa ameng'ang'ania mlingoti wa stima. Ndipo Ntinyari alipoanza kuchimba, na wengine wakamsaidia. Walilitandaza bonde kama sahani. Pale maji yanapotua wakapanda matete na ndago, juu kidogo wakapanda miti ya kivuli na kupanga mawe ya kukalia. Tangu hapo mvua ikija bonde hujaa, hutulia, kisha hunywa maji yake polepole. Wafungaji wa miraa hula chakula chao pale. Watu walilizoea kama mtu anavyozoea paa la nyumba yake.

Aliposikia habari za tajiri huyo, Ntinyari aliita mkutano. Wakaja wachache. Akaita wa pili, wakaja wachache zaidi, mmoja wao akikimbia jua tu. Kila mtu alikuwa na duka la kuangalia. Hakuita mwingine.

Sasa Jamaldin mwenye bucha alikuwa ametoka nje na aproni yake, akasimama ukingoni mwa bonde.

"Jameni, mnaona au naota?" alisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa soko. "Huyu mama anajikatia kipande."

Vichwa viligeuka. Wauza ndizi waliacha ndizi. Muda si mrefu ukingo wote ulikuwa watu.

Nelius alishuka hadi alipokuwa Ntinyari, vidole bado vina maji ya nyanya.

"Sema si kweli."

Ntinyari alichomeka kipande kingine.

"Si ni wewe ulituambia hili bonde ni letu sisi wote?"

"Ni mimi."

"Na hii ni nini?"

"Unaiona, Nelius."

"Kumbe tulikuwa tunamchimbia shamba lake," mtu mmoja alisema.

"Ameona tajiri anakuja," Kaimenyi akadakia, "akasema wacha nimege kabla sufuria haijaondolewa."

Wakacheka, lakini kicheko hakikukaa.

"Marehemu mama yako ana bahati," Jamaldin alisema. "Hayuko kuona hii."

Jembe la Ntinyari lilibaki juu. Alilishikilia hivyo kitambo, akimtazama. Kisha akalishusha, likaingia udongoni.

Nelius ndiye aliyeng'oa cha kwanza. Kilitoka bila nguvu, akakitupa barabarani. Wengine wakashuka, wanawake wamekunja leso, wanaume wameacha mizigo. Walimfuata Ntinyari nyuma nyuma waking'oa, naye akaendelea kupanda mbele yao, haraka zaidi, vidole vikitoka damu, kama mtu anayekimbizwa. Mmoja aliokota jiwe. Jamaldin akamshika mkono.

"Mtu asiguswe. Ng'oeni mimea."

Walipofika nusu ya mstari, mwanga ulikuwa umepungua.

"Wacheni hiyo ingine, giza inaingia," Jamaldin alisema. "Kesho asubuhi duka lisifunguliwe hata moja. Tukuje hapa wote tumalize huu upuzi. Na huyo afisa akitaka kupima, atupime sisi."

Wakakubaliana, mmoja mmoja, kwa majina. Kaimenyi akasema ataleta waendeshaji wa steji nzima. Nelius alipita karibu na Ntinyari bila kumtazama.

"Kwangu usikanyage tena," alisema.

Ntinyari alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya kanisa. Wanawake wawili wa kwaya aliowasalimia walinyamaza hadi alipopita. Alinawa mikono, akaketi kitandani na viatu vyake vya matope. Simu ilipoita, aliipokea.

"Lile neno la mama yako hatukuwa tumelipanga," Jamaldin alisema kwa sauti ya chini. "Lilinitoka tu. Unisamehe."

"Lilisaidia," Ntinyari alisema. Alikuwa analia. "Nelius tutamwambia lini?"

"Si kesho. Kesho amka mapema uchomeke vingine, vingi. Wakimaliza kung'oa kabla afisa hajafika, watarudi dukani, naye atalikuta bonde tupu."