Mtu wa Kumi

"Si mmoja, si wawili..." Yudel, mtunza sinagogi, alihesabu kwa kukanusha, maana kuwahesabu watu waziwazi ni kuwaitia kijicho. Mwishowe akatikisa kichwa. "Si tisa, Mheshimiwa. Basi."

Hirsh Zelikovits, tajiri wa manyoya ya mbuni na sasa meya wa mji, alichungulia nje. Bila wanaume kumi wa Kiyahudi dua ya wafiwa haisomwi, na jua lilikuwa linazama. Tangu bei ya manyoya ianguke, wenzake walikuwa wakihama tu. Aliwasihi wabaki. Wapi!

"Tungoje kesho," Yudel alisema.

"Leo! Mwanangu Leib nimsomee leo, kabla moyo haujanigeuka."

Alikuwa hivyo tangu telegramu ya Cape Town ifike. Aliisoma, akalirarua shati lake kifuani, akafunika vioo vyote, akaketi sakafuni, kama wafanyavyo Wayahudi wakifiwa. Frume, mkewe, aliiokota telegramu akaisoma tena na tena.

Hirsh alikimbilia nyumbani kumtazama mzee Berl, mpangaji wake, kama angeweza kuwa wa kumi. Mzee hoi kitandani. Jikoni Frume alikuwa anakoroga supu ya kuku, ile aipendayo Leib. Gauni lake zima, halina hata mchano.

"Unampikia nani, mama wee?"

"Mwanangu."

"Frume, hatuna mwana tena!"

"Sema wewe. Mimi simlilii ng'o!"

Hirsh akatoka mbio hadi stesheni. Treni ilikuwa imeshashusha abiria, kabaki mchuuzi mmoja na sanduku lake.

"Ndugu yangu, wewe Myahudi? Nakuomba kwa jina la Mungu!"

"Mimi Mgiriki, mzee. Pole."

Meya mzima alirudi analia barabarani, watu wanamtazama. Mlangoni mwa sinagogi Yudel alikwepa macho yake.

"Kapatikana," alinong'ona.

Kweli, nyuma kabisa alisimama mtu, kofia kaishusha hadi machoni. Hirsh hakuuliza. Alianza dua huku machozi yakimtiririka, na wote wakaitikia amina. Amina moja aliitambua. Yeye ndiye aliyemfundisha mwenye sauti hiyo, alipokuwa mtoto wa kupakatwa.

Akageuka. Yule mtu akavuta kofia juu.

"Telegramu ilisema nimeoa kanisani, baba, sikufa," Leib akasema. "Lakini kama mmepungukiwa na mtu, nihesabuni."