Kumbukumbu za Hinnerk

Bremerhaven, Ujerumani, kila mhamiaji hupandikizwa kumbukumbu za baharia mmoja wa kale, ili historia ya bandari isipotee. Somoe alipewa za Hinnerk, mvuvi aliyezama.

Leo mama yake alimpigia simu ya video kutoka Tanga.

"Hata shikamoo hakuna? Wazungu wamekukata ulimi?"

"Shikamoo, mama," Somoe alisema, akicheka. Uso aliujua. Lakini kila alipofumba macho kukumbuka walivyoagana, alimwona mwanamke wa Kizungu gatini, analia.

"Mama, siku ile naondoka, ulinifunga skafu ya sufu shingoni?"

"Sufu, na joto hili? Nilikufunika kanga yangu mabegani, mwanangu. Umesahau?"

Somoe alijishika mabega, hayakumkumbusha kitu. Shingo ndiyo iliyomwasha.