Doriani Sita za Mheshimiwa Kamthon

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na tisa Mei, saa nne na nusu asubuhi, Mjomba Phian alipoingia ofisi ya mbunge na matunda sita ya doriani ndani ya gunia, na kikapu mkononi.

Lamduan, katibu wa Mheshimiwa Kamthon, alipata harufu kabla hajamwona mtu. Alimjua mzee huyu. Kwa miaka miwili alikuwa akileta barua za daraja, kumi na moja jumla, na zote zilikuwa zimelala droo ya chini. Daraja la kijiji chao lilikwenda na mafuriko. Mkewe alipougua ikabidi wamzungushe mlimani kwenda hospitali, akafia njiani. Barua ya mwananchi haina sheria ya kuijibu. Wakubwa wakikujibu, una bahati yako.

Leo hakuwa na barua. Lamduan akafurahi. Hatimaye mzee kaelewa watu wanavyoishi.

"Za Mheshimiwa hizi," Phian alisema, ameunganisha viganja. "Zimeiva jana."

"Ahsante, mjomba. Lakini siku hizi kuna sheria. Mbunge hapokei zawadi inayozidi baht elfu tatu. Ngoja nipime."

Akaazima mizani ya mama wa matunda wa mlango wa pili. Kilo ishirini na nne. Kwa bei ya sokoni, imezidi.

"Ikizidi inakuwaje?"

"Balaa tupu. Kwanza unarudishiwa mzigo wako. Halafu nijaze fomu ya pinki, iende Bangkok, kamati ya maadili iisome neno kwa neno, muhuri huku, muhuri kule, na Mheshimiwa asipoijibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini wanamsimamishia posho. Maudhi ya nini? Kinachohesabiwa ni kile kilicho mezani mtoaji anapotia saini kwenye daftari. Kwa hiyo tunapunguza."

Mlango wa ndani ukafunguka. Pua ya Mheshimiwa ilitangulia, tumbo likafuata.

"Nani kaleta doriani?"

"Zimezidi, Mheshimiwa. Mbili zitoke."

"Zitoke ziende wapi? Leta kisu! Kinacholiwa hapa hapa hakipimwi."

Wakakaa kupunguza. Lamduan alipunguza vipande viwili, Mheshimiwa akapunguza vyote vilivyobaki, mpaka akalegeza mkanda. Watu saba waliokuwa kwenye foleni tangu saa mbili walimeza mate kwa zamu. Kwa kazi hiyo, mkubwa hahitaji kikao wala bajeti.

"Sasa imezidi?" Phian aliuliza.

"Haijazidi, mjomba. Ondoa wasiwasi."

Uso ukamshuka mzee. Lamduan akamwonea huruma: wazee wa zamani, wanaona aibu kutoa kidogo.

Phian akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa chupa ya asali ya msituni, akaiweka juu ya meza. "Na hii?"

Lamduan akapiga hesabu kwenye kikokotoo. "Bado tuko chini. Kidogo tu, lakini chini."

"Una hakika, binti yangu? Asali ya mwaka huu imepanda."

"Nina hakika. Mjomba, ukiendelea hivi utatutia matatani!"

Mheshimiwa akacheka, kidole mdomoni. "Mzee una moyo! Laiti watu wote wa jimbo langu wangekuwa kama wewe."

"Wangekuwa wote kama mimi, Mheshimiwa, usingepita mlangoni."

"Ha! Na lile jambo lako, lipi lile... mfereji?"

"Usijisumbue, Mheshimiwa. Kula."

Lamduan akafungua daftari, akampa kalamu. "Saini hapa, mjomba. Haraka, kabla hujapata wazo jingine."

Phian akaishika kalamu. Kwa mkono wa pili akafunua kitambaa kilichofunika kikapu, akamtoa jogoo, akamsimamisha katikati ya meza, kati ya doriani na asali. Jogoo akajikung'uta, akamwangalia mbunge kama anayemdai kura.

Kila mtu wilayani alijua Mheshimiwa ni mgonjwa wa majogoo wa kupigana. Akaruka kwenye kiti.

"Mama yangu! Mkia mweupe! Tazama miguu hiyo! Huyu hapungui elfu kumi na mbili, narudia, hapungui!"

Foleni nzima ilisikia. Phian akatia saini.

Lamduan akaangalia daftari, akaangalia jogoo.

"Mjomba, umetumaliza."

"Nisamehe, binti yangu. Mimi sikusoma. Hesabu zinanipiga chenga."

"Lamduan, futa hiyo saini!" Mheshimiwa alinong'ona.

"Nifute vipi, Mheshimiwa? Bei umeitangaza mwenyewe, mashahidi saba."

"Na bado tupo hapa," alisema mama mmoja wa kwenye foleni, "hatuendi popote."

Ikabidi fomu ya pinki itolewe kabatini. Sheria ni sheria: Phian akarudishiwa jogoo wake, asali yake, na doriani nne. Zile mbili hazikuwa za kurudishika. Lamduan akajaza tarehe, jina, kijiji na thamani. Ikabaki sehemu moja tu, ile inayotakiwa iandikwe kwa mkono wa mtoaji mwenyewe: sababu ya kutoa zawadi.

"Andika tu 'kwa heshima', mjomba," alisema, amechoka. "Wote huandika hivyo."

Phian akambana jogoo kwapani, akainama. Aliandika polepole, herufi kubwa zilizopinda, ulimi nje. Alipomaliza akapuliza wino ukauke, akawageuzia karatasi.

"Sababu: ili nipate fomu hii. Mheshimiwa, daraja letu litajengwa lini?"