Zipu Iliyogoma

Zipu iligoma katikati ya mgongo wa Salha. Fundi, Bi Mwanahawa, aliivuta mara ya tatu kisha akaiachia.

"Wiki sita sijaonja andazi," Salha alisema, macho kwenye kioo. "Wiki iliyopita gauni hili lilinipwaya, ukalipunguza wewe mwenyewe. Sasa nimenenepa kwa kula nini? Mchicha?"

"Siku zako lini?"

"Kesho, keshokutwa. Kwani kuna nini?"

"Basi hayo ni maji. Yataondoka yenyewe."

"Maji ya kilo mbili? Kila nikishuka kidogo, mwezi ukifika nimerudi palepale. Nimechoka, Bi Mwanahawa. Fumua. Harusi ya mdogo wangu ni Jumamosi ijayo, siwezi kuingia ukumbini mgongo wazi."

"Nilishamfumulia dada mmoja siku kama hii yako. Siku ya shughuli gauni lilikuwa linamvuka, akalifunga kwa pini huku na huku."

"Mimi siye yeye. Fumua."

Bi Mwanahawa alichukua wembe wa kufumulia, akamwekea kiganjani. "Mkono wangu haufumui. Fumua mwenyewe." Akarudi kwenye cherehani yake, akaanza kukanyaga.

Salha alilivua gauni, akajifunga khanga, akaketi nalo mapajani. Aliutafuta mshono wa kiunoni, ule wa wiki iliyopita. Wembe ulipogusa uzi wa kwanza, tumbo la chini likamsokota, kama kila mwezi. Akaguna, akalishika.

Bi Mwanahawa akasimamisha cherehani, akageuka kumtazama.