Visu vya Ukweni

"Nani anapeleka visu ukweni?" dada yake aliuliza, macho yamemtoka. "Unaenda kuposa au kuchinja?"

Fundi friji alicheka kicheko cha mtu anayejua. Mezani, kando ya visu, palikuwa na saa ya ukutani na mwavuli mweusi, vyote tayari kufungwa.

"Si ungewapelekea majani ya chai na matunda, kama watu wote?"

"Dada, Wachina umewajulia wapi? Wenzangu wanahangaika kuuliza mtandaoni. Mimi ninaye mwenyewe, na ndiye aliyechagua."

Dada akachukua karatasi, akaanza kuvifunga visu. Utabishana vipi na mtu ambaye mchumba wake ni Mchina wa kuzaliwa, tena binti wa wenye duka la vipuri anakonunua gesi ya friji?

Kweli binti alichagua, na alichagua haraka. Saa, mwavuli, visu. "Baba akiviona ataelewa," alisema. Ataelewa nini, fundi hakuuliza. Mapenzi, bila shaka. Kuna kingine?

Tuseme ukweli, alimpenda mno yule binti. Siku hizi binti alikuwa hapokei simu za fundi, kazi nyingi, maskini, na fundi alizidi kumwonea huruma. Ila bila baraka za wazee wake hakuna ndoa. Wakikataa leo, basi tena.

Ukweni, mzee mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Kiswahili chake cha dukani kilikuwa hakina mikwaruzo. "Karibu, mwanangu." Binti alisalimia kwa mbali, akarudi jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa visafi. Aibu ya mwari hiyo, fundi akajisemea.

Mzee akaipokea saa kwa mikono miwili. Akaupokea mwavuli. Mama akavipokea visu, akafuta machozi kwa upindo wa blauzi. Lo! Machozi kabisa! Angekuwepo dada hapa, angefyata ulimi.

"Baba, mama," fundi alianza, maneno ya posa yamemjaa kifuani, "leo nimekuja..."

"Tunajua, mwanangu." Mzee alimshika bega. "Saa, mwavuli, visu, kwetu hizo ni zawadi za kuagana. Binti alishatuambia kwamba mmeachana. Hakutuambia tu kuwa wewe ni muungwana kiasi hiki, hata uje kutuaga mwenyewe."