Kobe wa Nchi ya Mbali

Yaani mimi niliyeishia darasa la pili ndiye mnayemtaka awasimulie habari za mwalimu! Haya, kaeni, na asinikatize mtu.

Kiboko alikuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kulala bwawani na kuwasomea watoto wa wanyama hadithi ya Kobe, maskini wa nchi ya mbali asiye na tone la maji. Watoto wanalia, naye anajifuta machozi, kisha anazama tena mpaka puani.

Siku moja binti wa Nguchiro akauliza, "Mwalimu, maji ya Kobe yalikwenda wapi?"

"Hadithi haisemi. Wewe mwonee huruma tu."

"Nimeshamwonea. Sasa nampelekea maji."

Watoto wakajaza vibuyu, wakafuata mto. Hawakufika mbali. Nyuma tu ya tuta la udongo, alilolijenga Kiboko kuziba mto, walimkuta Kobe, ulimi nje.

"Shikamoo, Kobe wa nchi ya mbali."

"Mbali na wapi? Kila siku nawasikia mkinililia, wala hakuna aliyechungulia!"

Wakamnywesha, kisha wakalirukia tuta kwa kucha na meno.

"Acheni!" Kiboko akanguruma. "Ile ni hadithi tu!"

Tuta likabomoka. Kiboko akabakiwa na maji ya vifundoni, mgongo ukampasuka kwa jua, na kila asubuhi ikambidi akae chini pamoja na watoto, amsikilize Kobe akiisimulia hadithi ileile, safari hii pamoja na jina la aliyeziba mto.