Gauni la Jumamosi

Mji mzima ulisubiri kuona mke wa rais, Mama Perpetua, atavaa nini Alhamisi, siku ya mumewe kuapishwa. Jumatano asubuhi fundi wake, Eusebia, akamletea gauni la samawati aliloagizwa, na jingine jeusi tii lenye shela.

"Hili la nani?"

"Lako, mama. Mheshimiwa aliliagiza mwenyewe. Alisema utalihitaji Jumamosi."

Eusebia alipoondoka, Perpetua alilijaribu. Lilimkaa kama ngozi. Mumewe akaingia, akamtazama kwenye kioo, kisha akaanza kumfunga vifungo vya mgongoni, kimoja kimoja. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Baba Deo, hili ni vazi la mjane."

"Najua. Nilitaka nikuone nalo leo," alisema kwa upole. "Siku hiyo sitakuona."

"Basi kesho usitoke. Nakuomba."

Aliendelea kufunga vifungo.

Uani, vibarua waliokuwa wakisimamisha turubai la sherehe walimwona Perpetua dirishani. Mmoja baada ya mwingine, wakavua kofia.